Ultra 10 na Debian ya SPARC hapa Malindi: kipi ni cha mfumo, kipi ni cha chuma?

Kaskazi_MLD

Wakuu, assalam aleikum, na heri kwa wasio wa salamu hiyo.

Nimepata Sun Ultra 10, ile wekstesheni ya mnara iliyoanza kuuzwa 1998 pamoja na mdogo wake Ultra 5. Prosesa ni UltraSPARC-IIi ya MHz 440 (SPARC ni aina ya prosesa za Sun), RAM MB 512. Diski ya asili ilishakufa, nikaipachika ya IDE (kiunganishi cha zamani cha diski) ya GB 40 niliyoitoa kwenye kompyuta ya mezani. Kibodi ya Sun sina, kwa hiyo naiongoza kutoka kwenye laptopu kupitia poti ya siriali, ile kubwa ya nyuma, kwa kasi ya 9600. Usipochomeka kibodi, OpenBoot (programu ya ubaoni inayoiwasha mashine) yenyewe huhamia huko, huna haja ya kuibembeleza.

Juu yake naijaribu Debian, mfumo wa Linux, ile ya sparc64 (SPARC ya biti 64). Si toleo rasmi, ni lile la majaribio linalokaa kwenye hazina ya Debian Ports. Nimechoma CD, nikaandika "boot cdrom", GRUB (kiwashaji cha mfumo) ikaja, kisakinishi kikaja, kadi ya mtandao ikaonekana. Mpaka hapo raha tupu. Balaa zilianza baadaye, na ni nne:

Saa ya mashine hairudi. Kila ikichomolewa ukutani huamka haijui mwaka wala anwani yake ya mtandao, na OpenBoot husema "The IDPROM contents are invalid". Halafu apt, chombo cha kuleta vifurushi vya programu, inakataa kusasisha kwa madai kwamba faili la hazina bado halijaanza kutumika, kwa kuwa mashine inadhani tuko zamani.

Vifurushi vinaharibika wakati wa kufunguliwa. Leo kinachogoma ni hiki, ukirudia kinapita, halafu kinagoma kingine. Nimechukua faili moja nikaipiga sha256sum (inayotoa namba ya utambulisho wa yaliyomo) mara kadhaa, majibu hayalingani. Faili ni ile ile, wakuu, sijaigusa.

Tatu, kuna programu yetu ya kupigia hesabu za maji kujaa na kupwa, aliiandika jamaa wa kikundi chetu kwenye laptopu ya kawaida. Huku inakufa papo hapo: "Bus error".

Na ya mwisho ni kichekesho. Nikiunganisha skrini, yule pengwini wa Linux anayetokea juu wakati wa kuwaka ana mdomo wa buluu.

Nataka kuwaandikia wanaolishughulikia toleo hili. Ila sitaki kuwatupia takataka, waende kutafuta hitilafu kwenye kerneli (kiini cha mfumo) kumbe ugonjwa ni wa chuma changu. Nianze wapi kutenganisha?

Vyuma_Mzani

Anzia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ule mnara una kilo za kutosha. Pesa utakayopata ongeza kidogo ununue Raspberry Pi, itaipita hiyo Sun kwa kila kitu na haili stima.

Kaskazi_MLD

@Vyuma_Mzani kasi sishindani nayo, kaka. Ninachokitaka kwenye SPARC hakimo kwenye Pi. Hii huhifadhi namba kwa kuanza na baiti kubwa mbele, na haivumilii programu inayosoma kumbukumbu shaghalabaghala. Kosa ambalo laptopu hulimeza kimya, hii hulitema mezani. Kwa mtu anayeandika programu huyo ni mkaguzi wa bure.

fundi_redio

Isije ikawa imetoka kwa Wataliano wa Ngomeni hiyo! Mkigundua ndani mna siri za roketi mtuite.

Kaskazi_MLD

Maalim, hesabu inakataa. Roketi ya mwisho pale San Marco, kituo chao cha kurushia roketi huko Ngomeni, iliruka Machi 1988, miaka kumi kabla mashine hii haijabuniwa. Na ile iliyobeba setilaiti ya Uhuru iliondoka tarehe 12 Disemba 1970, enzi ambazo kampuni ya Sun yenyewe haikuwapo. Hii ilikuwa ya ofisi tu, ya makaratasi.

fundi_redio

Haya, lakini uifungue. Kitu kilichokaa Malindi miaka yote hiyo hakikosi mwenyeji ndani.

MtuWaTanga

Mkuu, nianze na la saa maana hilo si hitilafu ya Debian kabisa, liondoe kwenye orodha.

Kwenye ubao tafuta chipu ndefu iliyonona mgongoni, imeandikwa M48T59. Ndani yake mna saa, mna kumbukumbu ndogo, na betri imefungiwa humo humo kwenye plastiki. Betri ile ilitengenezwa ikae miaka kumi hivi. Ikifa, mashine inasahau saa, inasahau mipangilio ya OpenBoot, inasahau na anwani ya mtandao, maana Sun waliiweka anwani humo badala ya kuiweka kwenye kadi.

Njia ni mbili. Ya haraka: kwenye "ok", pale OpenBoot inaposubiri amri, unaiandika upya anwani kwa amri ya mkp, baiti moja moja, inayoanza 8:0:20 kama za Sun za enzi hiyo. Itakaa mpaka uchomoe waya. Ya kudumu: unasugua mgongo wa chipu kwa msasa taratibu mpaka uone vile vikamba viwili vinavyokwenda kwenye betri, unavikata, unalehemu kishikio cha betri ya CR2032, ile ya rimoti ya gari. Chipu imechomekwa kwenye soketi kwa hiyo unaweza kuitoa ukafanyie kazi mezani. Mimi nilifanya hivyo kwenye Ultra 5 na mpaka leo haijasahau kitu.

Kwa sasa, kabla ya apt, andika tu tarehe kwa mkono. Itanyamaza.

Na kuhusu toleo lenyewe, ujue unaishi nyumba gani. Debian ilikuwa na SPARC rasmi tangu 1999, ila programu zake zilikuwa za biti 32. Ya mwisho ilikuwa Wheezy ya 2013. Jessie ilipotoka 2015, SPARC haikuwamo. Hiyo sparc64 unayoijaribu imebaki mikononi mwa watu wachache wanaojitolea, na haina toleo tulivu, ni Sid (tawi la Debian linalobadilika kila mara) moja kwa moja. Vifurushi hujengwa kila kimoja kwa wakati wake, kwa hiyo kuna siku maktaba imeshasonga na programu inayoitegemea bado iko nyuma. Ukiona apt inapendekeza kufuta nusu ya mfumo, usijibu ndiyo. Subiri, rudi baada ya wiki. Na kerneli ya zamani iliyokuwa ikiwaka vizuri usiifute hata nafasi ikibana.

mamaKerneli

Kaka Kaskazi, umeuliza swali zuri, kwa hiyo nitakujibu kirefu kuhusu hilo la faili kubadilika. Ndilo la hatari. Mengine yote yanakwambia kwamba yapo, hili lakuibia kimya kimya.

Kwanza wataka kujua data yaharibikia wapi. Njia ya data ni hii: sahani ya diski, kebo, kidhibiti cha IDE, RAM, prosesa. Chukua faili ya MB 200 hivi, ikae yote kwenye RAM. Ipige sha256sum mara mbili tatu mfululizo bila kufanya kitu kingine. Halafu andika

echo 3 > /proc/sys/vm/drop_caches

uipige tena. Ikiwa zile za mwanzo zalingana, na baada ya kufuta kache namba yabadilika, RAM na prosesa hazina kesi, maana kilichosomwa mara moja kikawekwa kwenye RAM kimetulia. Tatizo liko upande wa diski. Tena RAM ya Ultra 10 ni ya ECC, hujikagua makosa, ingekuwa mbovu kerneli ingepiga kelele kwenye dmesg, yaani kumbukumbu ya matukio yake.

Pili, niletee mistari miwili tu. Ule wa dmesg unaosema "configured for" kitu gani, na ule wa lspci -nn (orodha ya chipu za mashine) wenye CMD Technology, kidhibiti chako cha IDE. Nataka namba ya rev, yaani toleo la chipu.

Tatu, usitume ripoti yoyote bado.

Kaskazi_MLD

Dada, ahsante. Majibu haya hapa.

Bila kufuta kache namba hazibadiliki hata nikirudia mpaka nichoke. Nikifuta kache, zinabadilika, si kila mara lakini mara nyingi.

ata1.00: configured for MWDMA2

Na lspci inasema 1095:0646, rev 03.

Nimejaribu pia kuleta faili ile ile kwa mtandao na kuiweka kwenye /dev/shm, yaani ndani ya RAM, bila kugusa diski. Hapo namba ni sahihi daima.

mamaKerneli

Hilo la /dev/shm sikukuambia na umelifanya mwenyewe. Vizuri sana, limeusafisha mtandao.

Sasa rev 03. Kidhibiti hicho ni CMD646U na kina historia. Ndani ya draiva ya Linux mna maelezo ya miaka mingi kwamba rev 03 haiwezi Ultra DMA (njia ya kasi ya kupeleka data ya diski) sawasawa bila kurekebishwa chuma chenyewe, na hata ikirekebishwa huelewana na diski za Quantum peke yake. Rev 05 na 07 ndizo walizotengeneza. Kwa hiyo kerneli yako imefanya busara, imekataa Ultra DMA ikashuka kwenye MWDMA2, njia ya zamani zaidi. Hilo si hitilafu, ni kinga.

Ila kinga hiyo ina bei yake. Ultra DMA hupeleka data pamoja na CRC, yaani baada ya kila fungu pande mbili hulinganisha hesabu, na waya ikiwa na kasoro utaona malalamiko kwenye dmesg. MWDMA haina CRC. PIO, njia ya zamani kabisa, nayo haina. Biti ikigeuka kwenye kebo, hakuna wa kuuliza, yaingia hivyo hivyo. Ndiyo sababu dmesg yako ni safi na faili zako ni mbovu.

Kwa hiyo washukiwa wangu ni wawili. Moja, muda wa DMA kwenye draiva, hilo lingekuwa la toleo. Mbili, kebo au meno yake. Washa kerneli na libata.dma=0, itashuka mpaka PIO4, itakuwa kobe, lakini tuone. Uharibifu ukiisha kabisa, nitaitazama draiva. Ukibaki, fungua boksi.

Vyuma_Mzani

Mimi bado naona kilo.

Amu_mtepe

Nafuatilia kutoka Lamu. Nina Ultra 5 imekaa kabatini kwa sababu hiyo hiyo ya faili kuoza, nilidhani ni diski nikabadilisha, wapi. Kaskazi usiache uzi huu njiani tafadhali. Wengi huuliza, wakipata jawabu hupotea, nasi tunabaki na swali lao.

MtuWaTanga

Naongeza kitu kwa aliyosema dada. Kabla ya kulaumu Debian, iwashe mashine hiyo hiyo na mfumo mwingine ulio imara kwenye SPARC uwe shahidi. OpenBSD bado inaitunza sparc64. Baadhi ya wenzake wameondoka: FreeBSD waliitoa kwenye 13.0 mwaka 2021, na illumos nao wakaiaga SPARC mwaka huo huo. OpenBSD ikisoma faili hizo bila kosa, basi kesi ni ya Debian. Ikiharibu nayo, umeshajua.

Kama CD zimekuishia, iwashe kwa mtandao. Ni kazi ya ukale lakini inapendeza. Kwenye "ok" unaandika "boot net", mashine inapiga kelele ya RARP ikiuliza "mimi nani?". Laptopu yako inaijibu, mathalan 192.168.1.20. Kisha inaomba kwa TFTP faili ambalo jina lake ni anwani hiyo hiyo kwa tarakimu za mfumo wa kumi na sita (heksadesimali), herufi kubwa: C0A80114. Humo unaweka ofwboot.net ya OpenBSD. Ukiandika herufi ndogo haitaliona, utakaa unaangalia skrini mpaka adhuhuri. Kadi yenyewe utaiona kwenye Debian inaitwa sunhme, na hiyo hme ni Happy Meal, ndivyo Sun walivyoipa jina wenyewe, sijui walikuwa na njaa.

Kaskazi_MLD

Nimerudi, @Amu_mtepe sijapotea.

Kwa libata.dma=0 uharibifu umepungua sana lakini haujaisha. Asubuhi mapema nyumba ikiwa bado na ubaridi, faili zinapita karibu zote. Mchana bati likishika moto, zinaanza tena.

OpenBSD nimeiwasha kwa mtandao kama alivyoeleza MtuWaTanga (C0A80114 ilinipa raha ya ajabu, nakiri). Nikaipa diski ile ile, faili zile zile. Nayo inaharibu. Mifumo miwili, draiva mbili tofauti, ugonjwa mmoja.

Basi nikafungua boksi. Maalim fundi_redio, pokea taji lako. Ndani ya kifaa cha umeme, kati ya feni na koili, yupo mjusi kafiri mkavu kama papa wa sokoni, mkia umegusana na kipande cha bati. Nimemtoa kwa koleo. Hakuwa yeye mkosaji, volti nilizipima nikakuta ziko sawa, lakini nashukuru hakupata nafasi.

Mkosaji ni huyu hapa: kebo bapa ya diski. Upande unaoingia kwenye ubao, meno matatu ya pembeni yana ukoko wa kijani. Ukiuparua kwa ukucha unatoka unga. Na pini za ubaoni zinazoshikana nayo zimepoteza mng'aro. Upande ule ndio uliokuwa unatazama matundu ya nyuma, upepo wa bahari unapoingilia.

Kabla ya kusafisha nikafanya jaribio moja: nikabadilishana kebo, ya diski nikaipeleka kwenye CD, ya CD nikaileta kwenye diski. Diski ikapona nusu. CD iliyokuwa inasoma safi ikaanza kutoa faili mbovu. Uharibifu umehama na kebo.

mamaKerneli

Jaribio hilo la kubadilishana ndilo lililofunga kesi, kuliko hata OpenBSD. OpenBSD yaweza kuwa na kosa lake linalofanana, lakini kosa la programu halihami na waya.

"Ikapona nusu" ni pini za ubaoni. Zisafishe kwa spiriti safi, ile isopropili ya asilimia tisini na kuendelea, kwa mswaki laini. Usitumie ile ya dukani ya rangi ya zambarau, huacha utando. Kebo nunua mpya, ya nyuzi 40 yatosha, nyuzi 80 ni kwa kasi ambazo kidhibiti hiki hakizifikii. Ukiipata ya 80 pia ichukue, haina madhara, tena ina waya za ardhi katikati zinazopunguza kelele.

fundi_redio

Sikusema? Wenyeji wawili, mjusi na chumvi.

Nimetengeneza redio za mashua hapa tangu ujana wangu, nikwambie kitu kimoja. Kifaa kinachowashwa kila siku hukaa kuliko kinachofungiwa kabatini. Joto lake mwenyewe hufukuza unyevu. Kilichozimwa kila usiku hunywa umande. Amu_mtepe, wewe umeifungia yako kabatini Lamu, nenda kaangalie meno yake leo leo.

Amu_mtepe

Nimeangalia. Sitasema nilichokiona.

Kaskazi_MLD

Kebo mpya imefungwa, pini zimesafishwa, DMA nimeirudisha. Niliiacha usiku kucha na mchana wake wote inasoma, inafuta kache, inasoma tena, jua likiwa kichwani. Hakuna hata faili moja iliyobadilika. Vifurushi vinafunguka bila neno. Kwa hiyo la pili limefutwa: lilikuwa la chuma, Debian haina hatia.

Tumebaki na Bus error na pengwini.

mamaKerneli

Endesha hiyo programu ndani ya gdb (chombo cha kukagua programu), ikifa andika x/i $pc uone amri iliyouawa, kisha info registers.

Kaskazi_MLD

Amri ni ldx [ %g1 ], %g2. Na ndani ya g1 mna anwani inayoishia na 4.

mamaKerneli

Basi tumemaliza kabla ya chai kupoa. ldx husoma baiti nane kwa mkupuo, na SPARC hudai anwani yake igawanyike kwa nane. Yako yaishia na 4, haigawanyiki, prosesa yakataa, kerneli yaiua programu. Intel ingesoma tu bila kuuliza.

Kwenye msimbo tafuta mahali alipochukua kipande cha faili akakilazimisha kiwe double (namba ya desimali ya baiti nane) au namba ya biti 64. Naweza kubahatisha: faili lina kichwa cha habari cha baiti 4, kisha namba zaanza papo hapo.

Kaskazi_MLD

Ndivyo hasa. Kichwa ni idadi ya mikondo (mawimbi ya mwezi, jua na mengine yanayojumlishwa kupata kujaa na kupwa), baiti nne. Halafu zinafuata tarakimu za kila mkondo: wa mwezi wenye mzunguko wa saa 12.42, wa jua wa saa 12, na wengine. Alisoma faili zima kwenye bafa akaelekeza kidole moja kwa moja.

Nimeweka memcpy mahali pake, kila namba inanakiliwa kwanza kwenye kigeugeu halali. Bus error imekwenda. Lakini sasa programu inaniambia faili lina mikondo 16777216.

MtuWaTanga

Hahaha! Mikondo milioni kumi na sita, bahari gani hiyo mkuu.

mamaKerneli

Idadi ya kweli ni 1, sivyo? Faili la majaribio?

Kaskazi_MLD

Ndiyo, la majaribio, lina ule mkondo wa mwezi peke yake. Umejuaje?

mamaKerneli

Laptopu iliiandika 1 kwa baiti nne hivi: 01 00 00 00, ndogo mbele. Ultra 10 yazisoma kubwa mbele, ile 01 yakaa mahali pa juu kabisa, nayo yawa 2 kwa kipeo cha 24. Ndiyo hiyo 16777216. Ukiiona namba hiyo popote maishani mwako jua kuna mtu kasahau mpangilio wa baiti.

Tumia le32toh kwa kichwa na le64toh kwa namba zilizobaki, kisha urudishe kwenye double kwa memcpy. Huko kwenye laptopu hazitabadilisha kitu, huku zitageuza. Na mwambie huyo jamaa aandike kwenye maelezo ya faili kwamba ni ndogo mbele.

Kaskazi_MLD

Inafanya kazi. Nimeweka faili kamili, nikalinganisha jedwali la Sun na la laptopu kwa mwezi mzima: mistari yote sawa, bamvua zinaangukia siku zile zile, maji mafu kadhalika. Jamaa nimempelekea mabadiliko, amefurahi, ila kauliza kwa nini nakaa na mashine ya mwaka 1998.

Kwa hiyo kati ya manne, matatu hayakuwa ya toleo: betri, kebo, programu yetu. Amebaki pengwini.

Vyuma_Mzani

Kwa hiyo mmehangaika kote huko, kosa la Debian ni mdomo wa ndege?

mamaKerneli

Ndiyo, na hilo ndilo litakalopokelewa vizuri, kwa sababu ni moja na limesafishwa. Angeandika siku ya kwanza "Debian yaharibu faili zangu, programu zafa, rangi mbovu", angejibiwa na nani? Hao watu wanahesabika, na kila ripoti chafu yawala jioni nzima.

Kaskazi, mdomo wa njano ukitoka buluu maana yake nyekundu na buluu zimebadilishana viti, kijani amekaa pake. Nako ni mpangilio wa baiti, safari hii kwenye draiva ya skrini. Umejaribu kerneli ya zamani?

Kaskazi_MLD

Nimejaribu. Ile iliyokuja na CD mdomo ni wa njano. Iliyoletwa na sasisho ndiyo ya buluu. MtuWaTanga, nashukuru kwa ule wosia wa kutofuta kerneli.

mamaKerneli

Basi una mwanzo na mwisho, gawa katikati. Usiijenge kerneli kwenye Sun yenyewe, utazeeka. Kwenye laptopu weka gcc-sparc64-linux-gnu, chombo cha kujengea programu za SPARC, jenga huko, ipeleke kwa mtandao. git bisect itakuchagulia ya katikati, wewe unasema njano au buluu, inagawa tena. Hata kukiwa na mabadiliko elfu moja, ni hatua kumi tu.

Kwenye ripoti weka dmesg nzima tangu mstari wa kwanza, usikate. Weka lspci -nn, na toleo la OpenBoot unalolipata kwa .version kwenye "ok". Sema kerneli ya mwisho iliyokuwa nzima na ya kwanza iliyoharibika. Kichwa cha habari kiwe kitu mtu anaweza kukitafuta: jina la draiva, Ultra 10, rangi zimegeuka. Usiandike "msaada tafadhali". Na picha ya pengwini, bila shaka.

Jambo moja zaidi: sema pia kwamba kebo ilikuwa mbovu na umeibadilisha, na umeijaribu na OpenBSD. Msomaji akijua umeshaondoa uchafu wa chuma atakuamini haraka.

Kaskazi_MLD

Bisect imemaliza. Imenielekeza kwenye badiliko moja dogo ndani ya draiva ya skrini, mtu alisafisha msimbo wa kupanga rangi, na katika kusafisha akaondoa sharti lililokuwa linahusu mashine za baiti kubwa mbele. Kwenye Intel sharti hilo halina kazi, ndiyo sababu hakuna aliyeliona.

Ripoti nimetuma. Nimejibiwa nikapewa kiraka (rekebisho dogo la msimbo) nikijaribu. Nimekijenga, nimekiwasha, mdomo umerudi wa njano. Nimewajibu hivyo, na dmesg mpya nimeiambatisha.

Amu_mtepe

Hongera yakhe. Sasa mimi: kebo nimeagiza Mombasa, pini nimesugua. Nikishaiwasha niweke Debian hiyo hiyo au nianze na OpenBSD?

Kaskazi_MLD

Anza na OpenBSD, ikishinda siku mbili tatu bila kuharibu faili ndipo uweke Debian. Diski iwe na lebo ya Sun, si GPT (mpangilio mpya wa kugawa diski), OpenBoot ya Ultra 5 haiijui GPT. Na kabla ya yote, mashine ikishawaka tazama rev ya CMD. OpenBSD itakuonyesha kwenye dmesg, penye pciide. Ikiwa 03 kama yangu, usijaribu kuilazimisha Ultra DMA hata mtu akikuambia inakwenda. Ikiwa 05 au 07, niandikie hapa hapa, maana nataka mtu wa kujaribu kerneli hii kwenye kidhibiti ambacho mimi sina.